Kidonda cha Boneti

Kokoto lilikuwa limelala pembeni mwa lami, kati ya Chalinze na Segera, siku nyingi bila kusumbuliwa na mtu. Lori la mizigo likapita. Tairi ya nyuma ikalikanyaga ukingoni, kokoto likafyatuka, likaruka juu. Nyuma ya lori ilikuwa inakuja Toyota ndogo ya rangi ya fedha ikielekea Tanga. Kabla dereva hajapepesa macho, ta! Kokoto likagonga boneti, likadunda, likapotelea majanini.

Ndani ya gari walikuwamo wawili: mjomba, aliyekuwa anaendesha, na mpwa wake wa darasa la saba, aliyekuwa anakwenda Tanga kwa likizo. Jioni walipofika nyumbani, binti alikwenda moja kwa moja mbele ya gari, akainama. Jeraha akaliona. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele, kingo zake zimechongoka, na katikati yake palimetameta chuma kitupu.

"Mjomba, hapa rangi imebanduka."

Mjomba akavaa miwani, akainama naye. Ujanani alifanya kazi ya kupiga rangi magari, na mpaka leo hawezi kulipita gari bila kulitazama ubavu. "Kweli, mama. Limefika mpaka kwenye bati."

"Lakini ni kadogo sana. Hakuna atakayekaona."

"Mdharau mwiba mguu huota tende," mjomba akajibu. "Watu hawatakaona, lakini maji na chumvi ya bahari vitakaona."

Sasa, msomaji wangu, kabla hatujafuata walichokifanya hao wawili, tujiulize kwanza: kokoto lile lilipasua nini?

Ukigusa gari kwa kidole unaweza kudhani rangi ni kitu kimoja kilichopakwa juu ya bati. Kumbe ni matabaka manne yaliyolaliana, na kila moja lina kazi yake. La chini kabisa ndilo linalogusana na chuma. Kiwandani, bodi nzima ya gari huzamishwa ndani ya birika kubwa la rangi maalumu, kisha umeme hupitishwa ili rangi ile ikang'ang'anie kila pembe, hata vitundu ambavyo brashi isingevifikia. Njia hii ilianza kushika kasi viwandani miaka ya 1960, na ni sababu mojawapo ya magari ya siku hizi kutooza upesi kama ya zamani. Juu yake huja praima, ambayo husawazisha uso na kuishikilia rangi. Tabaka la tatu ndiyo rangi yenyewe unayoiona, iwe nyekundu, buluu au fedha. La nne halina rangi kabisa. Ni vanishi inayopitisha mwanga, nayo hulipa gari mng'ao na kuikinga rangi na jua na mvua.

Chukua karatasi moja ya daftari uibane kati ya vidole viwili. Matabaka yote manne kwa pamoja huwa na unene wa karibu na karatasi hiyo, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita au kuzidi kidogo. Vanishi peke yake kwa kawaida haifiki hata nusu ya unene huo. Hiyo karatasi moja ndiyo inayosimama kati ya chuma na mvua zote za masika, jua lote la kaskazi na vumbi lote la barabarani.

Rangi haikuwa nzuri hivi tangu mwanzo. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita magari yalipakwa kwa brashi, koti juu ya koti, na gari moja liliweza kukaa kiwandani wiki kadhaa likisubiri kukauka. Magari ya Ford Model T, kuanzia mwaka 1914 hadi 1925, yalitoka kiwandani kwa rangi moja tu, nyeusi. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ikaleta rangi iliyoitwa Duco. Hii ilipulizwa, na ilikauka kwa saa badala ya wiki. Kampuni ya General Motors ikaitumia kwanza kwenye magari yake ya Oakland, ikayapaka buluu, na tangu hapo mtu akaweza kuchagua rangi aitakayo. Kiungo kikuu cha Duco kilikuwa nitroselulosi, na kiungo hichohicho kimo katika rangi nyingi za kucha zinazouzwa madukani hata leo.

Mjomba alimsimulia binti hayo yote, na macho yakamng'aa. "Basi tuchukue rangi ya kucha ya mama, tuzibe!"

"Tutaziba, lakini si kwa hiyo," mjomba akasema. "Ya kucha hukauka ikawa ngumu isiyopindika, ikapasuka. Boneti hupata joto mchana na kupoa usiku, hutanuka na kusinyaa kila siku. Rangi yake lazima iweze kwenda nayo. Tena rangi ya kucha haitafanana. Lakini kabla ya kuziba, njoo nikuonyeshe tunapambana na nani."

Akamchukua nyuma ya nyumba. Palikuwa na mlango wa gari kuukuu, umeegemezwa ukutani miaka mingi. Pembeni mwake rangi ilikuwa imevimba, imefanya lengelenge la ukubwa wa sarafu. Kwa juu rangi ilikuwa bado nzima. Mjomba akabonyeza kwa kidole gumba. Lengelenge likapasuka kwa mlio mkavu, unga wa kahawia ukamwagika, na mahali palipokuwa na bati pakabaki tundu.

Hiyo ndiyo kutu. Chuma kikikutana na maji na hewa ya oksijeni, hubadilika na kuwa kitu kingine, cha kahawia, kisicho na nguvu. Chumvi huharakisha kazi hiyo, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu ni mabadiliko yanayokwenda kwa chembe za umeme kutoka mahali hadi mahali ndani ya chuma. Ndiyo maana magari ya Tanga, Mombasa na Unguja, yanayopigwa na upepo wa bahari mchana na usiku, huoza upesi kuliko ya Dodoma. Kisha kuna jambo lililo baya zaidi: kutu hujaza nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Inapozaliwa chini ya rangi, hukosa pa kukaa, ikainua rangi iliyo jirani. Rangi ikiinuka, maji hupata njia mpya. Kidonda cha punje ya mchele hutambaa chinichini hadi kikawa tundu la sarafu, na kwa nje huoni kitu mpaka siku kinapopasuka.

Asubuhi iliyofuata waliliosha gari kwa maji mengi na sabuni ya magari. Sabuni ya vyombo waliiacha jikoni. Wakaanza na maji matupu, ili vumbi lidondoke lenyewe kabla sponji haijagusa. Lilipokauka, jua likaonyesha jambo jingine: mlangoni kulikuwa na michirizi myembamba, na ukiitazama kwa pembe fulani unasoma neno NIOSHE.

Binti akacheka, halafu akaona mjomba hacheki. Mtoto fulani alikuwa ameandika kwa kidole juu ya vumbi. Ndani ya vumbi la barabarani mna chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo. Kidole kinapoandika, huzikandamiza chembe zile na kuziburuta juu ya vanishi. Mwandishi huondoka akidhani maandishi yataisha kwa maji, nayo yamekwisha kuchorwa.

Sasa kulikuwa na majeraha mawili, na tiba zake hazifanani. Mjomba akamfundisha kuyapima. "Pitisha ukucha wako taratibu, ukikata mstari." Mlangoni ukucha uliteleza bila kukwama. Mjomba akanyunyiza maji juu ya neno lile, nalo likatoweka. Maji yalipokauka, likarudi. Hiyo ni dalili kwamba mkwaruzo umeishia kwenye vanishi, rangi yenyewe haijaguswa. Kwenye boneti ukucha ulinasa ukingoni, na chuma kilionekana. Hilo ni jeraha la kina.

Kati ya hayo mawili kuna la tatu: ukucha unanasa lakini huoni chuma, unaona praima, mara nyingi ya kijivu. Hilo nalo hutibiwa kwa rangi, ila hatua za kusafisha chuma hurukwa.

Kazi ya kwanza ikawa kutafuta rangi. Rangi za fedha ni nyingi, na jicho la mtu hutambua tofauti ndogo sana zinapokaa pamoja. Bahati nzuri kila gari hutoka kiwandani na cheti chake cha rangi. Mjomba akafungua boneti, akamwonyesha kibati kidogo kilichobanwa kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huwa nacho hapo. Magari mengine huwa na stika kwenye fremu ya mlango wa dereva. Binti akafuta grisi, akasoma alama nyingi, hadi akafika penye herufi C/TR, na mbele yake 1F7.

"Hiyo 1F7 ndiyo rangi yetu," mjomba akasema. "Gari linaweza kubadilisha mwenye mara tano na kuvuka bahari, namba hii haibadiliki. Hatari ni moja tu: kama gari lilishapigwa rangi upya, kibati kitakudanganya."

Walikwenda duka la rangi za magari. Muuzaji akatazama namba, akapima rangi za msingi kwenye mizani tone kwa tone, akawapa kichupa kidogo. Wakanunua pia praima kidogo, vanishi, msasa namba 2000 na 3000, na polishi ya kusugulia. Njiani binti akakiinua kichupa juani, akaona mashapo ya fedha yamezama chini na maji ya kijivu juu. Rangi ya fedha ina vipande vidogo vidogo vya alumini, na ndivyo vinavyoakisi mwanga. Usipotikisa kichupa vizuri, utapaka maji ya kijivu na kuacha fedha chini.

Kazi yenyewe waliifanya kivulini, alasiri, boneti ikiwa imepoa. Rangi ikipakwa juu ya bati la moto hukauka juu kabla ya ndani, na mvuke wa tina (kimiminika kinachoyeyusha rangi) ulionaswa hutoka kwa kutoboa vipovu. Siku ya mvua nayo haifai, kwa kuwa unyevu wa hewa huweza kuifanya rangi ififie na kuwa na ukungu mweupe.

Mjomba akakata kipande cha msasa cha ukubwa wa kitufe cha shati, akakigundisha kwenye kitako cha penseli. Binti akashika penseli ile wima na kuizungusha taratibu juu ya jeraha tu, bila kuvuka ukingo. Vumbi la kahawia likatoka, kwa maana usiku mmoja wa Tanga ulikuwa umetosha kuanzisha kutu. Akaendelea mpaka chuma kikawa cheupe chote, na kingo za rangi zilizochongoka zikalainika. Mtu anayepaka rangi juu ya kutu amefunga kidonda kichafu, na kitaendelea kuoza ndani ya bendeji.

Kisha akafuta kwa kitambaa kilicholowa spiriti, kuondoa nta na mafuta. Hata alama ya kidole ina mafuta ya kutosha kuizuia rangi isishike, kwa hiyo baada ya kufuta hakuna kugusa tena.

Akachukua kijiti cha meno, akakichovya kwenye praima. Tone likaning'inia nchani. Akaligusisha katikati ya jeraha, nalo likatambaa lenyewe hadi kingoni, likasimama hapo. Binti akatabasamu na kutaka kuongeza jingine.

"Acha," mjomba akasema. "Koti nyembamba. Likikauka ndipo uje na jingine."

Hapo ndipo watu wengi huharibu. Rangi ya namna hii hukauka kwa tina kutoka, na tina inapotoka rangi husinyaa. Ukijaza jeraha mara moja mpaka pomoni, juu hukauka na kuifungia tina ndani. Kesho yake utakuta shimo katikati na uvimbe pembeni. Koti nyembamba hukauka mpaka chini, na zikipandana huwa imara.

Praima ilipokauka, wakaingia rangini. Kichupa kikatikiswa mpaka mkono ukachoka. Tone, kusubiri kama nusu saa, tone jingine. Katikati ya kusubiri walikunywa chai, wakapiga soga, binti akawa anakwenda kuchungulia kila dakika mbili huku mjomba akimrudisha. Koti ya tatu ikafika karibu usawa wa uso wa boneti. Kesho yake wakaweka vanishi, nayo kwa koti, mpaka ikapanda juu kidogo kuliko rangi ya jirani. Kilima hicho kidogo ni cha makusudi. Waliliacha gari wiki nzima, rangi ikakomaa.

Wakati wa kusubiri walimaliza neno la mlangoni. Hapa hakuna cha kujaza, kwa sababu mkwaruzo wa vanishi hutibiwa kwa kushusha uso wa jirani mpaka ukalingana na sakafu ya mkwaruzo. Polishi ya kusugulia ina chembe ndogo mno zinazokwangua vanishi kidogo kidogo. Binti akaweka tone kwenye kitambaa laini, akasugua kwa mkono mwepesi, akafuta, akatazama, akarudia. Herufi zikaondoka moja moja: N, kisha I, mwisho E. Lakini kumbuka ile karatasi ya daftari. Kila unaposugua unaila vanishi, na iliyokwisha hairudi. Kwa hiyo sugua kidogo kadiri iwezekanavyo, na ukae mbali na kona na kingo, kwani huko ndiko vanishi iliko nyembamba zaidi.

Wiki ilipotimia, msasa namba 2000 ulilowekwa kwenye maji, ukafungwa kwenye kifutio cha shule. Binti akakisawazisha kile kilima kwa kupitisha mbele na nyuma, maji yakiwa hayakauki, akisimama mara kwa mara kutazama. Mahali pakawa pamefifia, hapang'ai. Akashtuka, mjomba akamtuliza: msasa namba 3000, kisha polishi, mng'ao ukarudi. Akapitisha ukucha. Uliteleza.

Je, jeraha lilitoweka kabisa? Ukisimama hatua mbili hulioni. Ukiinama na kujua pa kutazama, utaona nukta iliyokolea kuliko jirani zake, kwa sababu vipande vya alumini vilivyowekwa kwa kijiti havilali kama vilivyopulizwa kiwandani. Mjomba hakuona haya kwa nukta hiyo. Lengo lilikuwa kuvifungia mlango maji na chumvi, na mlango umefungwa. Wakakubaliana wasipake nta mahali pale mpaka mwezi mmoja upite, ili rangi imalize kupumua.

Ukitaka kujaribu nyumbani, shika mambo haya. Fanya pamoja na mtu mzima, tena mwenye gari awe ameridhia. Kaa penye hewa ya kutosha, vaa glavu, na weka mbali kiberiti, jiko na sigara, kwani tina na spiriti hushika moto upesi. Rangi na vanishi za kupuliza zinazochanganywa na dawa ya kukaushia usiziguse kabisa. Nyingi zina kemikali ziitwazo isosianati, ambazo huweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na mafundi wanaozitumia huhitaji barakoa maalumu. Bati likibonyea, kutu ikitoboa, au mkwaruzo ukiwa mrefu kuliko mkono wako, mpelekee fundi. Bampa nyingi ni za plastiki, hazipati kutu, kwa hiyo hapo hakuna haraka.

Na hata kama hujawahi kushika kichupa cha rangi, unaweza kulilinda gari leo. Usiandike juu ya vumbi. Usifute vumbi kavu kwa tambara. Kinyesi cha ndege kioshe mapema kwa maji, kwa kuwa kina tindikali inayoila vanishi, hasa jua likiwa kali. Ukiona rangi imebanduka mpaka chuma kikaonekana, mwambie mwenye gari siku hiyohiyo. Tone la rangi na kijiti cha meno vinatosha leo, lakini baada ya masika mawili itabidi akatafute bati jipya.